Meno Yapo, Tairi Limekwisha

Kila Desemba barabara za Masaka, Gulu na Mbale hujaa magari ambayo mwaka mzima hayajafanya kazi kubwa: ofisini na kurudi, sokoni Jumamosi, ibadani, na siku nyingine zote yameegeshwa juani. Sasa yamebeba watu watano na mizigo hadi kioo cha nyuma, na yanakwenda kilomita 100 kwa saa kwa muda mrefu, mchana wa jua kali. Mwenye gari amebadilisha oili, ameangalia breki, amejaza maji ya rejeta. Matairi ameyatupia jicho, akaona meno bado marefu, akaridhika.

Meno marefu si ushahidi wa uzima. Gari linalotembea sana humaliza meno kabla raba haijazeeka, na mwenyewe huona kwa macho kwamba tairi limekwisha. Gari linalotembea kidogo huenda kinyume: raba huzeeka huku meno yakiwa mazima, na siku ya kupasuka huwa ndiyo hiyo siku ya safari ndefu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza tairi limebaki na meno kiasi gani, uliza lilitengenezwa lini.

Hapa Uganda swali hilo lina uzito zaidi kwa sababu ya jinsi magari yanavyotufikia. Sheria ya usalama barabarani iliyorekebishwa mwaka 2018 inazuia kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Maana yake, gari la miaka 12 hushushwa Mombasa na kuvuka Malaba kihalali kabisa, likiwa limevaa matairi ya umri wowote. Kadi ya gari inaonyesha mwaka wa gari. Mwaka wa tairi umeandikwa mahali pamoja tu, kwenye tairi lenyewe.

Tarehe iko ubavuni

Tafuta ubavuni mwa tairi herufi DOT zikifuatwa na mlolongo wa herufi na namba. Tarakimu nne za mwisho, mara nyingi zikiwa ndani ya kiduara kirefu, ndizo tarehe: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, yaani mapema mwezi wa Juni. 0424 ni wiki ya nne ya mwaka 2024, mwishoni mwa Januari. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000 na halifai kutembelea hata hadi kwa fundi.

Wengi huishia kusema tairi lao halina tarehe, na mara nyingi sababu ni kwamba namba kamili imechorwa upande mmoja tu. Upande wa pili una DOT bila zile tarakimu nne. Kama fundi alifunga tarehe ikaangalia ndani, itabidi uingie chini ya gari na tochi, au upige jeki na kutoa gurudumu. Sababu nyingine ni kwamba matairi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe, mengine hayana herufi DOT kabisa. Yana namba ya mfululizo tu, nayo huishia kwa tarakimu nne zilezile.

Soma matairi yote manne pamoja na spea, kila moja kivyake. Gari lililopita mikononi mwa wenyewe wawili watatu linaweza kuwa na tarehe tano tofauti, na lile la zamani kuliko yote ndilo linaloamua safari.

Ukiwa hapo hapo, angalia kama ubavuni pameandikwa STUDLESS, au kuna alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Hayo mara nyingi ni matairi ya msimu wa baridi wa Japani. Raba yake ilitengenezwa laini ili ishike barafu. Kwenye lami yenye joto hulika haraka, gari hulegea kwenye kona, na umbali wa kusimama kwenye mvua hurefuka. Meno yake ni marefu na yamekatwakatwa kwa vimistari vingi vyembamba, kwa hiyo yakiwa yamepangwa dukani huonekana mazuri kuliko tairi la kawaida, na muuzaji wa mitumba atakuambia, "Ssebo, hili halijafanya kazi." Kweli halijafanya kazi, lakini kazi yake haipo Uganda. Yatoe hata kama tarehe ni ya juzi.

Kinachoharibika ndani

Raba ya tairi huchanganywa na nta na dawa za kuikinga dhidi ya oksijeni na ozoni. Tairi linapozunguka hukunjika na kukunjuka, na mwendo huo husukuma dawa polepole hadi juu ya raba, zikaweka utando. Ile rangi ya kahawia inayojitokeza ubavuni mwa tairi ambalo bado ni jipya ndiyo dawa yenyewe. Si ubovu, na hakuna haja ya kuisugua. Tairi lililoegeshwa halijisukumii dawa. Jua hulipiga upande uleule kila siku, utando huisha, nyufa huanza. Ndiyo maana gari lililokaa uani miaka miwili huwa na matairi mabaya kuliko ya jirani aliyetembea kila siku kwa matairi ya umri huohuo.

Nyufa za nje ni nusu tu ya habari. Chini ya meno ya tairi la kisasa kuna mikanda miwili ya nyuzi za chuma iliyofunikwa kwa raba. Upepo uliojazwa ndani una mgandamizo wa zaidi ya mara tatu ya hewa ya nje, kwa hiyo oksijeni hupenya taratibu kutoka ndani kwenda nje, mchana na usiku, gari likitembea au likilala, na njiani hupita kwenye ile raba iliyoshikanisha mikanda. Raba ya pale hukauka na kupoteza uwezo wa kuvutika, kama mpira wa kufungia noti uliosahauliwa dirishani. Kingo za mikanda ndizo zinazochezacheza kuliko sehemu nyingine yoyote ya tairi, na ndizo zinazopata joto zaidi. Ufa huanzia hapo, ukatambaa kati ya mkanda na mkanda bila kuonekana kwa nje, na siku joto, mzigo na kasi vinapokutana, ganda lote lenye meno hubanduka.

Joto huharakisha kila hatua ya kazi hiyo. Kanuni ya kukadiria ya wakemia ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, uharibifu wa aina hii hukaribia kwenda mara mbili. Tairi lililoishi Moroto au Arua limezeeka kuliko la tarehe ileile lililoishi Kabale. Idara ya usalama wa barabara kuu ya Marekani ilifanya uchunguzi wa matairi yaliyokusanywa Phoenix, Arizona, mwaka 2003, mji wenye joto kali, na ikaona raba ya kingo za mikanda ikidhoofika kadiri umri unavyosonga. Hata matairi ya spea yalikuwa yamezeeka, ingawa hayakutembea.

Kuna kisa cha Uingereza kila mwenye basi au gari la shule angepaswa kukijua. Septemba 2012 basi la abiria lilipasukiwa tairi la mbele katika barabara ya A3, likaacha njia, na watu 3 wakafa. Tairi hilo lilikuwa na miaka 19 na nusu. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko basi lenyewe, na wakati huo hakukuwa na sheria ya kulikataza kwa umri wake. Mama wa mmoja wa waliokufa alilipigania suala hilo kwa miaka, na tangu tarehe 1 Februari 2021 ni marufuku huko kuweka tairi la zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya lori au basi, wala kwenye gurudumu lolote la basi dogo lenye tairi moja moja kila upande.

Basi ni miaka mingapi?

Watengenezaji wengi wa magari huandika kwenye kitabu cha gari miaka 6 tangu tairi litengenezwe. Baadhi ya watengenezaji wa matairi, Michelin na Continental wakiwemo, husema likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya kutumika, na lisivuke miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama linaonekana zima. Namba hizo hazipingani. Miaka 10 ni ukuta wa mwisho kwa tairi lililotunzwa vizuri. Sita ni pale ambapo mtu mwangalifu huanza kutafuta pesa.

Kwa barabara na joto letu, msimamo wetu ni huu: gari linalotoka nje ya mji likiwa na familia na mizigo, matairi yote yatoke yakifika miaka 6. Gari ambalo kweli halivuki Kampala au Jinja, halizidi kilomita 60 kwa saa, na linakaguliwa kila mwaka, linaweza kufika miaka 7 au 8. Zaidi ya 8, hapana. Teksi ya Hiace inayofanya kazi kila siku haifikii mjadala huu, kwa sababu meno huisha mapema zaidi. Tatizo la Hiace ni jingine, tutalifikia.

Spea nayo ina umri. Kwenye magari mengi ya kutoka Japani spea ni ya mwaka uleule gari lilipozaliwa, haijawahi kushuka chini. Ikiwa na miaka zaidi ya 10, iwe ni ya kukufikisha kwenye mji unaofuata tu, kwa mwendo wa polepole. Ile spea nyembamba yenye herufi T mbele ya saizi hujazwa upepo wa kPa 420, yaani kama psi 60, na haitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Ukiipima leo yaelekea utaikuta na psi 20, maana hakuna anayeikumbuka.

Kukagua kwa mkono na jicho

Anza kwa kuosha tairi kwa sabuni na brashi. Ile dawa ya kung'arisha inayopakwa wanapoosha magari hujaza nyufa ndogo na kufanya tairi la miaka 9 lionekane limetoka kiwandani. Gari lolote unalotaka kununua likiwa na matairi yanayong'aa, yaoshe kwanza ndipo uyatazame.

Zungusha usukani hadi mwisho upande mmoja ili uone tairi la mbele lote, kisha upande wa pili. Kwa nyuma, lala chini na tochi. Tazama sehemu tatu: ubavu, sakafu ya mifereji kati ya meno, na ukingo unaokaa kwenye rimu. Vimistari vyembamba kama unywele ubavuni, ambavyo ukucha haunasi, ni dalili ya umri na ni onyo la kuanza kupanga bajeti. Ufa unaonasa ukucha, ufa unaozunguka sehemu kubwa ya duara, au ufa wowote kwenye sakafu ya mifereji, tairi limekwisha. Ukiona nyuzi, usiliendeshe hata hadi kituo cha mafuta.

Uvimbe ubavuni ni nyuzi zilizokatika, kwa kawaida baada ya kugonga shimo au ukingo wa barabara. Hakuna dawa yake. Hausubiri mwisho wa mwezi, hauzibwi, na kupunguza upepo ili uvimbe upungue ni kuliharakisha tairi lipasuke. Ila usichanganye uvimbe na kile kibonde chembamba kinachokwenda kutoka rimu hadi kwenye meno. Hapo ndipo ncha za kitambaa cha ndani zimepishana kiwandani, ni kawaida na si hatari. Kinachotoka nje ni ubovu. Kinachoingia ndani kidogo, kwa mstari ulionyooka, mara nyingi ni umbo lake.

Mikanda iliyoanza kuachana hujitangaza kwa mtikisiko. Gari hutikisika kushoto kulia kwenye mwendo mdogo wa kilomita 30 au 40, au hutetemeka kwenye mwendo mkubwa, ukalipeleka kufanyiwa balansi, likatulia siku mbili, likarudia. Mtikisiko unaorudi baada ya balansi usiuzoee. Piga jeki, simamisha ncha ya chaki karibu na meno bila kugusa, zungusha gurudumu polepole. Nafasi kati ya chaki na tairi ikibadilika ghafla mahali pamoja, meno yakapinda au yakainuka kama kilima, lile tairi linabanduka kwa ndani.

Meno yenyewe yapime kwa kipimo cha kina, kitu kidogo kisicho ghali, sehemu tatu kwa kila tairi: ndani, katikati, nje. Tairi jipya la gari dogo huanza na milimita 8 hivi. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, vitafute penye herufi TWI au pembetatu ndogo kwenye bega la tairi. Meno yakilingana na vituta, tairi limekwisha katika nchi nyingi kisheria. Kwa mvua zetu za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, milimita 1.6 ni kidogo mno. Tairi halitoi maji ya kutosha, gari huelea juu yake na usukani huwa mwepesi ghafla. Badilisha kwenye milimita 3, kabla msimu haujaanza.

Jinsi yalivyolika pia ni habari. Katikati tu, upepo umekuwa mwingi. Mabega yote mawili, umekuwa kidogo. Bega moja, alaimenti imepotea, na ukifunga tairi jipya bila kuirekebisha utalimaliza vilevile. Mashimoshimo yanayopishana kuzunguka duara, shokapu zimekufa.

Upepo, mzigo na hesabu ya safari

Tairi zee linaweza kuvumilia miezi mingi mjini, kwa sababu mjini halipati joto. Joto la ndani hutokana na ubavu kukunjika, na ubavu hukunjika zaidi upepo ukipungua, mzigo ukiongezeka na mwendo ukikaza. Safari ya kijijini huleta vyote vitatu.

Chukua Toyota Premio yenye matairi 195/65R15 91H. Hiyo 91 ni uwezo wa tairi: kilo 615 likiwa na upepo kamili. H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa, na huo haututii wasiwasi. Gari lenyewe lina uzito wa kilo 1,200 hivi. Weka watu watano wazima, kilo 350. Wakati wa kurudi weka mikungu sita ya matoke kwenye buti, kilo 150 kwa makadirio. Buti iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo mzigo wake wote huangukia magurudumu ya nyuma na kuinua kidogo ya mbele. Ukijumlisha, ekseli ya nyuma hufika karibu kilo 900, kilo 450 kila tairi. Kwa upepo kamili tairi lina nafasi ya kutosha. Likiwa na psi 24, kama yalivyo matairi mengi yasiyopimwa kwa miezi, uwezo wake hushuka hadi karibu kilo 440. Tayari limezidiwa kabla ya kufika Masaka, na hapo bado ni jipya. Sasa lipe miaka 9.

Upepo sahihi umeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwenye magari ya Japani huandikwa kwa kPa: 220 ni psi 32, 240 ni psi 35. Namba kubwa iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake. Usiijaze kama ndiyo kipimo cha gari lako. Pima tairi likiwa baridi, gari likiwa limesimama kwa muda wa saa tatu au limetembea chini ya kilomita mbili. Tairi lenye joto husoma psi 4 au 5 zaidi, na anayepunguza upepo huo kwa kuona "umezidi" hulipeleka barabarani likiwa na upungufu. Nunua kipimo chako mwenyewe. Vile vya kompresa za kando ya barabara huangushwa kila siku na husoma vinavyotaka.

Kwenye Hiace, hatari kubwa ni aina ya tairi. Kiwandani huvaa 195/80R15 107/105 LT: tairi la mzigo, kilo 975 likiwa peke yake. Kuna wanaofunga tairi la gari dogo kwa sababu saizi inakaribiana na bei ni ndogo, lenye namba ya 90 na kitu. Abiria 14 na mizigo juu ya tairi la kilo 600 na kitu si suala la umri tena. Litapasuka likiwa jipya.

Tairi lililotibiwa

Pancha ya msumari katikati ya meno, tundu lisilozidi milimita 6, huzibwa vizuri kwa kiraka chenye mkia, kinachobandikwa kutoka ndani huku mkia ukijaza tundu. Ile kamba inayosukumwa kutoka nje ni ya kukufikisha nyumbani. Bega na ubavu havizibwi, kwa sababu sehemu hizo hukunjika kila mzunguko na kiraka hakishiki.

Hata hivyo kazi za ubavuni zinafanywa kila siku: tairi lililochanika hushonwa kwa uzi, kipande cha tairi la zamani hulazwa ndani kufunika tundu, kisha tyubu huwekwa kwenye tairi lisilo la tyubu ili lishike upepo. Tyubu hiyo husuguana na tairi ikaongeza joto, na siku inapotoboka upepo hutoka wote kwa mara moja badala ya kuvuja taratibu. Ukinunua gari, tazama valvu: ikiwa inachezacheza kwenye tundu la rimu badala ya kukaa imara, ndani kuna tyubu. Uliza sababu.

Matairi ya kuchongwa yaogope zaidi ya yote. Mtu huchukua tairi kipara la gari dogo na kisu cha moto, akachora mifereji mipya. Anachonga ile raba ya mwisho iliyofunika mikanda ya chuma. Baadhi ya matairi ya malori hutengenezwa na raba ya ziada kwa kazi hiyo na huandikwa REGROOVABLE. Ya gari dogo hayana raba hiyo. Utayatambua kwa mifereji isiyo na kina kimoja, kuta zake zikiwa na alama za kisu, na vile vituta vya TWI vikiwa vimekatwa au havipo.

Ukienda kununua

Soma tarehe tairi likiwa bado mkononi mwa muuzaji, kabla halijafungwa kwenye rimu, maana likishafungwa halirudi. Tairi la mwaka mmoja lililohifadhiwa ndani ni jipya; la miaka miwili linakubalika; la miaka mitatu limekwishakula nusu ya ile sita yetu, kwa hiyo ama bei ishuke sana ama uliache. Lililokuwa likining'inizwa nje ya duka kama tangazo, juani, usilichukue kwa tarehe yoyote. Omba risiti iandikwe saizi, namba ya uwezo na zile tarakimu nne.

Kama pesa zinatosha matairi mawili tu, yawe ya aina moja na yafungwe nyuma. Fundi wengi watakataa, watasema gari huvutwa na magurudumu ya mbele. Ni kweli huvutwa mbele, na ndiyo maana tairi la mbele likiteleza dereva huhisi kwenye usukani, akapunguza mafuta, gari likarudi njiani. La nyuma likiteleza au likipasuka kwenye kona, gari huzunguka, na madereva wachache sana huweza kulirudisha. Isipokuwa yale unayoyahamishia mbele yasiwe yamevuka umri. Tairi bovu halina mahali pazuri.

Forester, RAV4 na mengine yanayovutwa na magurudumu yote manne yana sharti jingine. Tofauti ya milimita moja ya meno hubadilisha mzunguko wa tairi kwa milimita 6 hivi, na tofauti hiyo hulazimisha difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kufanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka. Hayo yanunuliwe manne kwa pamoja, hata ikibidi kusubiri mshahara mmoja zaidi gari likiwa uani.

Kila tairi jipya liende na valvu mpya ya raba. Ile ya zamani ina umri wa tairi la zamani. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota, na kwa Toyota nyingi ndogo nguvu yake ni Nm 103. Kurukia spana kwa mguu huvuta bolti hadi zikadhoofika. Zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kilomita 300 za kwanza nenda taratibu, hasa kwenye mvua, kwa kuwa uso wa tairi jipya bado una utelezi wa kiwandani.

Matairi uliyoyatoa usimwachie fundi yakiwa mazima. Tairi lenye meno marefu na miaka 9 likibaki pale litapakwa dawa ya kung'arisha na kuuzwa kwa mtu anayesafirisha watoto. Yakate ubavuni kwa kisu kikali, mkato mrefu wa kiganja kizima, pande zote mbili, kabla hujaondoka. Washona lugabire, vile viatu vya raba ya tairi, hawajali mkato huo. Wao hukata vipande wanavyovitaka, na raba iliyokuwa imekauka kwa barabara kuu bado inatosha kwa soli.